Moto Guzzi Stelvio 1200 NTX iliyotumika, nichukue au niachane nayo?

Tifuavumbi

Wakuu kwema? Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kumiliki hii pikipiki au hata kuifungua injini yake, maana nikiuliza watu wa kawaida wananiambia kachukue BMW GS yaishe, na mimi sitaki yaishe, mimi naitaka hii.

Iko hivi. Kuna Stelvio 1200 NTX ya 2011 inauzwa, ile yenye tangi la lita 32, ina masanduku ya pembeni, taa za ukungu na ile ngao ya kulinda injini kwa chini. Mwenye nayo ni mzee mmoja mtaratibu sana, ana daftari ameandika kwa mkono kila kitu alichofanya. Nilienda kuiona nikasema naangalia tu. Mzee akaiwasha, ikiwa imesimama akapiga resi kidogo, pikipiki ikajiinamisha yenyewe upande wa kulia alafu ikarudi. Nikamuuliza hii ina ubovu gani, akacheka akaniambia injini imelazwa kwa urefu wa pikipiki, krenki inazunguka kufuata urefu huohuo, ndio maana ukipiga resi inakusukuma pembeni, na ukishaanza kutembea huisikii tena. Tangu siku hiyo sina raha, nalala naiwaza.

Sasa wasiwasi wangu. Kwanza nasikia hizi injini za valvu nane zina mambo ya tapeti (vile vidude vya kati vinavyosukumwa ili valvu zifunguke), wengine wanasema injini inakufa kabisa, wengine wanasema ni stori za mitandaoni. Pili spea, hii pikipiki walishaacha kuitengeneza, na hii Stelvio mpya iliyotoka 2024 nasikia ni kitu kingine kabisa. Tatu uzito, mimi natoka kwenye 250 ya silinda moja, nimezoea kitu nikikiangusha nakinyanyua huku napiga stori, hii mzee kaniambia niisukume nikahisi miguu inatetemeka. Matumizi yangu ni safari ndefu za lami, alafu huko mwisho kuna rafu rodi, changarawe na mchanga kiasi, sio mashindano.

Nipeni ukweli, mnaoijua.

FundiKava

Mkuu hizi injini nimezifungua, ngoja nikueleze taratibu ili ukienda kwa huyo mzee ujue unauliza nini.

Injini ni sisi (cc) 1151, silinda mbili za V ya nyuzi 90, inapozwa kwa upepo na oili. Kila hedi ina valvu nne na kemshafti yake moja (ekseli yenye vinundu vya kufungulia valvu) inayozungushwa na cheni, lakini kemshafti haigusi valvu moja kwa moja, inasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushirodi fupi, pushirodi inasukuma roka, na roka ndio inabonyeza valvu. Tatizo lote liko kwenye tapeti. Zile za mwanzo, kuanzia Stelvio ilipotoka 2008, tapeti ni bapa, uso wake umepakwa tabaka jembamba gumu jeusi. Lile tabaka likianza kubanduka chuma kinabaki wazi, tapeti inaila kemshafti na kemshafti inaila tapeti, unga wa chuma unashuka kwenye oili. Sio stori za mitandaoni mkuu, ni jambo linalojulikana kila mahali zilipo hizi injini, ndio maana kiwanda chenyewe kikahamia kwenye tapeti za rola na kikatoa kiti (kit, yani seti ya vipuri) za kubadilishia za zamani. Za 2013 na kuendelea zinatoka kiwandani na rola. Ya 2011 ilitoka na bapa, hapo hakuna mjadala. Kwaiyo swali lako kwa mzee ni moja tu, zimeshabadilishwa au bado?

Na usimuulize "injini inalia vizuri", hilo swali halikusaidii. Hizi injini zina kelele kidogo juu hata zikiwa nzima, na zilizoanza kuliwa wakati mwingine zinalia kawaida tu mpaka siku hali imeshakuwa mbaya. Dalili ninayoiamini mimi ni valvu zisizokaa kwenye kipimo. Umeset leo vizuri, baada ya kilometa chache unapima tena nafasi imeongezeka, unaset, inaongezeka tena. Ukiona hivyo jua kuna chuma kinapungua mahali.

Njia ya uhakika ni kufungua. Kutoa kava la valvu peke yake hakukuonyeshi uso wa tapeti, inabidi unyanyue na kile kijumba kinachobeba kemshafti. Sio kazi kubwa kwa fundi anayejua, silinda zimechomoza nje pembeni, hutoi tangi wala nini, unakaa kwenye kigoda unafanya kazi umenyooka. Tapeti bapa nzima uso wake ni mweusi unang'aa mzima mzima. Ukiona doa la fedha, hata dogo kama kichwa cha pini, hiyo imeshaanza safari na haisimami.

Kama zimeshabadilishwa anatakiwa awe na risiti ya kiti. Kiti ziko za aina tofauti kulingana na namba ya injini, kwaiyo usikubali maneno matupu, angalia risiti inaendana na injini hiyo. Nyingine inakuja na kemshafti na tapeti tu, nyingine ina vitu zaidi kwasababu injini za mwanzo zilihitaji kubadilishiwa vingi.

KilometaNyingi

Siendeshi Guzzi lakini nimekaa na watu wenye nazo sana, na mimi nitasema kile ambacho mleta mada hataki kukisikia.

Kaka kama unataka pikipiki ya kuwasha na kwenda, kuna Super Ténéré 1200, nayo ina shafti badala ya cheni, tairi saizi zilezile za 19 mbele na 17 nyuma, injini haina historia ya namna hii. Na kama roho imeshakwama kwenye Guzzi kuna V85 TT ilianza 2019, sisi 853, valvu mbili tu kila silinda na kemshafti iko chini kwenye injini kama Guzzi za siku zote, hayo mambo ya kemshafti kwenye hedi hayaihusu. Uzito wake kilo 229 ikiwa na mafuta, tangi lita 23, inapozwa kwa upepo, ina shafti vilevile. Kwa mtu anayetoka kwenye 250 naona hiyo ndio hatua inayoeleweka. Stelvio ya zamani ukiiweka na masanduku na tangi limejaa unazungumzia mzigo mwingine kabisa, na wewe umesema mwenyewe miguu ilitetemeka ikiwa imesimama kwenye sakafu.

Sisemi ni pikipiki mbaya. Nasema ni pikipiki ya mtu mwenye muda nayo. Jiulize kama huo muda unao.

Silinda90

Mimi ninayo, NTX, mwaka mmoja na hiyo unayoitaka, kwaiyo mimi nalala kwenye hicho kitanda na kunguni wake nawajua.

KilometaNyingi kasema kweli kuhusu muda ila naomba niliweke sawa kidogo. Sio kwamba inaharibika kila wiki, hapana, ikishakaa sawa inatembea tu mpaka unasahau. Ila ni pikipiki ambayo ukipeleka kwa fundi asiyeijua anaweza kukuharibia kitu kizima, na mafundi wanaoijua ni wachache popote pale, kwaiyo mwisho wa siku fundi ni wewe. Kama hupendi kushika spana usiinunue. Kama unapenda, hakuna pikipiki rahisi kuifanyia kazi kama hii kwenye daraja lake. Kuset valvu unafungua bolti za kava, unazungusha injini mpaka pistoni ya upande huo iko juu, unapitisha fila (bati jembamba la kupimia nafasi), unalegeza nati, unageuza skrubu, unakaza, basi. Huna haja ya kupima shimu (visahani vya kurekebisha nafasi) na kuagiza nyingine usubiri. Mimi nafanya kila kilometa 10,000 pamoja na sevisi, na sitoki hapo nilipopaki.

Oili mkuu usibahatishe, inataka 10W-60, sio kwasababu ni ya kifahari, hii injini inategemea oili kujipoza na kulinda hayo mambo ya juu aliyoyataja fundi. Gia boksi ina oili yake peke yake na difa ya nyuma (zile gia za mwisho kwenye gurudumu) ina yake, watu wakimwaga ya injini wanaridhika wanasahau hizo mbili. Ukimwaga ya difa angalia ile plagi yenye sumaku, ute wa kijivu laini ni kawaida, vipande vya kushikika sio kawaida.

Kuna na la stata. Unabonyeza inalia tik, haizungushi, unabonyeza tena tik, mara ya tano inawaka. Watu wananunua betri mpya, wananunua stata mpya, na tatizo halikuwa huko. Umeme wa kwenda kwenye solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) unapita njia ndefu sana, swichi ya funguo, rilei, viungo kibao, ukifika umeshachoka, solenoidi haivutwi kwa nguvu. Dawa yake ni kuweka rilei ya ziada inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, na ule waya wa zamani unabaki na kazi ya kuiamsha rilei tu. Kazi ya mchana mmoja, na baada ya hapo inawaka kwa kugusa. Muulize mzee kama ameshafanya, kama yuko kwenye hizi pikipiki muda mrefu atajua unazungumzia nini.

Spea. Vitu vinavyoisha, yani filta, plagi, pedi za breki, beringi, sili, havisumbui kabisa, breki ni Brembo, mfumo wa mafuta ni Magneti Marelli, hivyo ni vitu vinavyotumika kwenye pikipiki nyingi. Tairi nazo umepata bahati, kuanzia 2011 walipunguza upana wa rimu ya nyuma, inavaa 150/70-17, mbele 110/80-19, saizi zilezile za R1200GS ya wakati huo, kwaiyo kila anayetengeneza tairi za adventure anayo ya kukuvalisha. Zile za 2008 zinavaa 180 nyuma, huko ukitaka tairi la vumbi unahangaika. Vinavyosumbua ni plastiki, kioo, vitu vya bodi vyenye umbo la Stelvio tu. Ukivunja kile kipande cha pembeni ya taa unakaa unasubiri, au unakishona kwa waya na gundi ngumu mambo yanaendelea.

Na ile ya 2024 achana nayo kwenye mahesabu ya spea, ni injini ya sisi 1042 ya maji, hosipawa 115, na hii yako ya sisi 1151 haikopeshani nayo kitu cha maana. Ila injini hii ya 8V, yani ya valvu nane, ilikaa pia kwenye Griso na Norge, hilo ndilo linalotusaidia, mtu akiuza injini ya Griso iliyogongwa sisi tunasogea.

Kompyuta yake pia usiiogope. Kuna programu inaitwa GuzziDiag, wameitengeneza wapenzi wa hizi pikipiki wakaitoa bure, unanunua kebo yake unaunganisha na laptopu, unasoma makosa, unaangalia joto, unaset throto. Nikwambie ukweli, hii jamii ya Guzzi ndio spea kubwa kuliko zote. Ukiuliza swali saa nane usiku kuna mtu upande mwingine wa dunia amekunja mikono ya shati anakujibu na picha.

DadaNjiaNdefu

Naona mafundi wamemaliza injini, mimi niongelee uzito kwasababu hilo ndilo litakalokufanya uipende au uiuze.

Mimi si mrefu na naendesha pikipiki ya daraja hilohilo, na Stelvio nimeiendesha safari nzima tulipobadilishana na mwenzangu. Kwanza siti ina nafasi mbili, milimita 820 na 840, mzee anaweza kuwa ameiweka juu, muombe aishushe alafu ukae tena. Hizo sentimita mbili unaziona ndogo kwenye karatasi, ila kisigino kinachogusa na kisigino kinachoning'inia ni watu wawili tofauti.

Pili tangi. Lita 32 za petroli ni karibu kilo 24, na zimekaa juu. Kwenye lami jaza utembee, raha yake ni hiyo, unapita vituo vya mafuta unavipungia mkono, kwa ulaji wa kawaida kilometa 500 si jambo la kushangaza. Lakini siku unajua nusu ya pili ya safari ni mchanga, panga ufike mchangani na robo tatu imeshaungua. Nimeiendesha imejaa nimeiendesha imebaki kidogo, ni pikipiki mbili, yani usukani unabadilika kabisa.

Tatu, usijaribu kuishika ikishaanza kuanguka. Kwenye 250 umezoea kuweka mguu unaizuia. Hii ikipita ile nyuzi fulani iachie, rudi nyuma, iache ilale. Ina vyuma vya kulinda injini, na hedi za silinda ndizo zinatangulia kufika chini kwaiyo hakikisha hivyo vyuma ni imara na vimekazwa, kava la valvu likitoboka na jiwe safari imeisha hapohapo. Kuna uzuri wake pia, kwasababu silinda zimechomoza, pikipiki hailali kabisa, inabaki na pembe, kuinyanyua unaanzia juu kidogo.

Kunyanyua: zima injini kwanza, weka gia isije ikatembea, kama imelalia upande wa kulia toa stendi mapema kabla hujaigusa ili ikisimama isiende ikaangukia upande wa pili. Geuza usukani mpaka mwisho uelekee chini, igeuzie mgongo, kalia ukingo wa siti kwa makalio, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye fremu au reli ya nyuma, mgongo umenyooka, alafu tembea kinyumenyume hatua fupifupi. Miguu ndio inafanya kazi, mgongo unakaa kimya. Toa masanduku kwanza kama yamejaa, usione uvivu. Na fanya zoezi hili nyumbani kwenye nyasi, ilaze taratibu na mtu wa kukusaidia, inyanyue, upande huu na ule. Siku ikidondoka njiani hutakuwa na hofu, na hofu ndio inayochosha kuliko kilo.

Mchangani simama kwenye futirest, magoti yabane tangi kidogo, mikono ilegee kabisa, iache gurudumu la mbele licheze litafute njia lenyewe. Angalia mbali. Ukiangalia gurudumu unalifuata chini. Na usipunguze mafuta ghafla ukiona inayumba, ikilemewa mbele inachimba, ongeza kidogo mbele ipate wepesi. Hizi V kubwa zina nguvu ya chini tamu sana, gia ya pili unaiacha inavuta yenyewe bila kupiga makelele, hapo ndipo nilipoielewa kwanini watu wanaing'ang'ania.

Silinda90

Dada umemaliza, naongezea moja tu kwenye hapo pa mchanga. Klachi ya Stelvio ni kavu, sio ile inayoogelea kwenye oili kama ya 250 yako. Ukikwama kwenye tope ukaanza kuibania nusu, vuta achia vuta achia, inachemka, utasikia harufu ya kuungua. Ukisikia hiyo harufu simama, zima, kunywa maji, iache ipoe. Kubadilisha pleti ya klachi kwenye hii pikipiki lazima gia boksi itoke, na ili itoke unaipasua pikipiki katikati. Inafanyika, mimi nimeshiriki kuifanya ya rafiki yangu, ila sio kazi ya kufanyia chini ya mti.

KilometaNyingi

Hapo kwenye klachi ndipo mnanipa hoja yangu ile ile. Mnamwambia mtu awe fundi, awe mnyanyua vyuma, asiguse klachi. Kwa safari za hapa na pale sawa. Je akiwa mbali peke yake?

Silinda90

Hoja yako ina uzito na siikatai. Jibu langu ni kwamba akiwa mbali peke yake vitu vingi vinavyowasimamisha wenzetu yeye hana. Hana cheni ya kukatika wala sproketi ya kuisha, hana pampu ya maji wala rejeta ya maji ya kutobolewa na jiwe. Ana rejeta ya oili, hiyo aiwekee wavu. Kila pikipiki ina mahali pake pa kuogopwa, ya hii napajua kwaiyo nafanya kazi kabla sijatoka. Peke yangu nimefika nayo mahali ambapo simu haina mtandao na sikulala macho.

Ila nakubaliana na wewe kitu kimoja, kama tapeti bado bapa na mzee hataki kupunguza gharama ya kiti, V85 ni chaguo la busara kabisa na mtu asijione amekosa kitu.

Tifuavumbi

Wakuu asanteni sana, sikutegemea kupata shule ya namna hii.

Nimerudi kwa mzee leo. Nimemuuliza swali la fundi kama lilivyo, tapeti ni bapa au rola. Akaniangalia alafu akaingia ndani, akarudi na bahasha. Risiti ya kiti ipo, na alikuwa ametunza tapeti mbili za zamani kwenye kopo la dawa. Akanipa nizishike. Moja nyeusi inang'aa vizuri tu, nyingine ina kidoa cha fedha pembeni, kidogo kweli, ukipitisha ukucha unakwama. Akasema aliona hiyo akabadilisha zote na kemshafti mpya. Namba ya injini kwenye risiti na iliyopo kwenye injini zinafanana, nimepiga picha.

Rilei ya stata alishaweka. Siti ilikuwa juu kweli, tumeishusha, dada ubarikiwe, visigino vyote vinagusa kidogo. Nikamuomba tuilaze kwenye nyasi akakubali bila kinyongo, nimeinyanyua mara ya kwanza na msaada wake na mara ya pili mwenyewe, mapaja yanawaka moto hadi sasa ila imewezekana.

Lililobaki ni mawili. Daftari halitaji popote kubadilishwa mkanda wa altaneta, na nyuma nikiinyanyua kwa kushika reli nasikia mchezo mdogo kama tok, sio gurudumu kuyumba, ni juu chini.

FundiKava

Huyo mzee ni mtu, pikipiki iliyofugwa na mtu kama huyo ni nusu ya kazi imeisha. Usimkazie sana kwenye bei.

Mkanda wa altaneta uko mbele ya injini chini ya kava, kava linatoka kwa bolti chache. Kama haujabadilishwa mpaka kilometa ilizofika weka mpya bila kujadili, sio kitu cha bei kubwa, ukikatika unabaki na umeme wa betri tu na pikipiki ya injekta haifiki mbali na betri peke yake. Ukifungua angalia na puli kama inazunguka bila kukwaruza.

Huo mchezo wa juu chini mara nyingi ni beringi za linki za shokapu ya nyuma, zimekauka grisi. Muulize kama aliwahi kuzitoa. Zikishakauka zinaanza kutu, zinakula pini. Ili ujue ndio zenyewe, weka pikipiki kwenye stendi ya kati, mtu anyanyue gurudumu taratibu na kushusha, wewe weka vidole kwenye kila kiungo cha linki kimoja kimoja, penye mchezo utausikia kwenye kidole. Kama mchezo uko kwenye linki nunua, ni beringi za sindano, unapiga mpya unajaza grisi nzito yaishe. Kama mchezo unausikia kwenye mkono wa nyuma pale unapoungana na gia boksi, hapo napo ni beringi lakini kazi ni kubwa zaidi, mwambie mzee mgawane. Na kama unausikia ndani ya difa yenyewe, shika gurudumu saa tatu na saa tisa, sukuma vuta, likicheza hapo simama usitoe hela mpaka ifunguliwe.

Tifuavumbi

Saa tatu na saa tisa haichezi kabisa, nilishajaribu. Kesho naenda na rafiki yangu anyanyue mimi niweke vidole. Ikiwa linki naichukua.

DadaNjiaNdefu

Ukiichukua dai funguo zote mbili, zina chipu, na uzijaribu zote kuwasha kabla hujaondoka. Na ABS na ile kinga ya gurudumu kuteleza vinazimwa kwa swichi, mwambie mzee akuonyeshe, kwenye changarawe ya kushuka utahitaji kujua hilo kabla hujafika na sio ukiwa katikati ya mteremko.

Silinda90

Ikiwa linki niandikie pm, namba za hizo beringi ninazo, ni saizi za kawaida unapata duka lolote la beringi bila kuagiza kwa jina la Guzzi. Na kile kikopo cha tapeti mwombe mzee, sisi wengine tunataka picha ya karibu ya hicho kidoa.